Nyumba Isiyo na Msumari

Mzee Sostenes alikuwa na sharti moja tu kwa wapangaji wake wa mtaa wa Kikuyu, mjini Dodoma, na alilitamka kabla hata hajaitikia salamu: msumari haupigwi ukutani. Nyumba ameijenga kwa jasho la miaka kumi na minane ya utarishi serikalini, plasta ameipiga mwenyewe, rangi ameipaka mwenyewe, na yeyote atakayeutoboa ukuta ule, hata kwa kimsumari cha kutundikia kalenda ya parokia, afungashe vyake. Wapangaji wa kabla ya Yasinta walinung'unika, kisha wakaziegemeza picha zao sakafuni. Yasinta hakunung'unika. Aliutazama ukuta, akainua macho kwenye kenchi, maana nyumba haikuwa na dari, akauliza, "Na kamba je, mzee? Nikifunga kamba kwenye kenchi?"

Mzee Sostenes alikuna kidevu. Kwa habari ya kamba hakuwa amejiandaa.

"Kamba ruhusa," akasema shingo upande.

Hayo yalikuwa ya miaka mitatu iliyopita. Miaka miwili ya kwanza ruhusa ile haikutumika, kwa sababu Yasinta aliishi kama wanavyoishi wafanyakazi wengi wa Dodoma, waliokuja na barua ya ajira na begi moja. Vyumba viwili, sofa jekundu lililoijaza sebule, televisheni, maua ya plastiki, na stuli za plastiki za wageni wasiokuja. Kazi yake ilikuwa Bungeni, katika ofisi ya kunukuu: unavaa visikilizio, unawasikiliza waheshimiwa, unaandika neno kwa neno, pamoja na makofi na vicheko vyao. Akirudi nyumbani hakuwa na haja ya kitu ila ukimya, na sofa jekundu lilimtosha.

Kilichomwamsha ni macho ya mama yake.

Mama huyo, Emiliana kwa jina lake mwenyewe, alikuwa mjane, na Yasinta ndiye mtoto wake wa pekee. Aliishi kijijini, ng'ambo ya Farkwa huko Chemba, kwa Wasandawe wenzake. Ugonjwa wake ulikuwa presha ya macho. Jicho la kushoto lilishakwenda zamani, watu wakidhani ni uzee. La kulia lilikuwa linaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na daktari wa mjini alisema waziwazi kwamba hilo litaokolewa na mambo mawili: matone ya dawa kila jioni bila kuruka hata siku moja, na kupimwa kila mwezi. Kijijini hakukuwa na mtu wa kumtia matone. Akijitia mwenyewe mkono unatetemeka, tone linaishia shavuni. Kwa hiyo dawa yake hasa ilikuwa kukaa mjini kwa Yasinta.

Na kukaa ndiko kulikomshinda. Mara ya kwanza alikaa siku tisa. Mara ya pili alikaa wiki mbili, kisha asubuhi moja akapanda lori la alizeti lililokuwa linarudi tupu, chupa ya dawa akaiacha dirishani. Yasinta alipompata kwenye simu ya jirani, akiwa analia, mama alimjibu kwa upole, kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno.

"Usilie, mwanangu. Hujanikosea. Ila huko kwako hapana nyumba. Pana vyumba."

Mtu mwingine angekasirika. Yasinta naye alikasirika, tena siku mbili nzima, na ofisini akaandika "Kicheko" mahali waheshimiwa walipopiga makofi. Siku ya tatu alilitazama sofa lake kwa macho ya mama yake, akaona kweli hakuna kitu mle ndani ambacho mwanamke wa Farkwa angekijua hata jina. Sofa akampa Tumsifu, mwenzake wa ofisini aliyekuwa akilimezea mate siku zote, akabaki amekaa sakafuni na wazo moja kichwani. Atafanya nyumba.

Basi Jumamosi zikapata kazi. Wenzake walikwenda mnada wa Msalato kula nyama choma. Yeye alipita katikati ya moshi wa nyama akaelekea nyuma kabisa, wanakouza kamba za katani, vibuyu, na vitu ambavyo mwenye kuviuza mwenyewe anaviona aibu. Huko alipata nyungo za zamani, kandili lenye kioo kizima, na pasi ya mkaa yenye jogoo wa chuma kwenye kifungio. Alikwenda Mlali, kule Kongwa, akakuta watu wanabomoa tembe la babu yao ili wajenge nyumba ya bati, na mlango wa tembe umetupwa kwenye zizi la mbuzi. Ulikuwa ubao mmoja mzima wa mninga, mpana, uliochongwa kwa shoka, na mahali pa bawaba una vichwa viwili vya kuzungukia, kimoja juu na kimoja chini. Yasinta alipiga magoti kwenye mavi ya mbuzi akaupangusa kwa kanga yake. Wenye mlango wakatazamana. Waliupakia garini wenyewe, kwa furaha ya watu wanaoondolewa takataka, na wakamwongezea kinu cha bibi yao ambacho hakikuwa na mtwangaji tena.

Fundi Gerson wa barabara ya pili alipoletewa mlango ule alishika kiuno.

"Dada, mimi nakuheshimu. Acha nikutengenezee meza mpya, ya kioo."

"Nataka hii hii."

"Basi niipige randa, niipake vanishi, ing'ae."

"Randa isiuguse, Gerson. Wala vanishi."

"Sasa kazi yangu mimi ni ipi?"

Kazi yake ilikuwa kuuosha kwa maji ya majivu, kuukausha kivulini wiki nzima, kisha kuusugua kwa mafuta ya alizeti yaliyoyeyushiwa nta ya nyuki, kidogo kidogo, kwa kitambaa, mpaka ubao ushibe. Gerson aliifanya akiguna. Siku ya nne aliacha kuguna. Rangi ilikuwa imeanza kutoka ndani, nyekundu iliyoiva, na alama za shoka la fundi wa zamani zikaonekana moja moja, zimepangana toka juu hadi chini bila pigo hata moja lililokosea. Gerson alizipitishia vidole, akasema, "Huyu mtu hakuwa na msumeno. Alikuwa na shoka tu." Tangu siku hiyo kila kitu cha Yasinta alikishughulikia kwa adabu, na mteja mwingine akimwambia harakisha anakasirika.

Miezi minane ikapita, na vyumba viwili vya Kikuyu vikawa kitu kingine kabisa. Mlango wa tembe ulilazwa juu ya mizinga miwili ya magogo isiyo na nyuki tena, ukawa meza. Pembeni yake lilikaa benchi refu la kanisa, lililotolewa misheni walipoleta mapya, na pa kukalia pamelainishwa na waumini wa miaka sitini. Chumbani aliweka kitanda cha miti chenye ngozi ya ng'ombe iliyowambwa kwa kamba, kwa ajili ya mama. Kando ya kitanda kilisimama kilindo cha gome la mti, kirefu kufika kiunoni, cha kuwekea nguo. Mtungi wa maji ulikaa kwenye kona yenye ubaridi, juu ya mafiga matatu. Na kwa kuwa msumari haukuruhusiwa, kila cha kutundikwa kilining'inia kwa kamba ya katani kutoka kwenye kenchi: nyungo tatu zikipishana, vibuyu kumi na kimoja vya shingo ndefu, zeze la nyuzi mbili. Upepo wa Dodoma, ambao mwezi wa saba haujui kupumzika, ulipoingia dirishani, vyote viliyumba polepole mbele ya ukuta mweupe na vivuli vyake vikayumba navyo. Vingepigiliwa misumari visingependeza hata nusu.

Na mbele ya vyote, kulia kwa mlango, kilisimama kile kinu cha Mlali. Yasinta alikipindua, mdomo chini na tako juu, kwa kuwa tako lake lilikuwa pana na tambarare, akatandika kitambaa cheupe na juu yake akaweka kandili. Ndicho kilichompokea mtu akiingia. Tumsifu alikipiga picha mara saba.

"Yasinta, jamani, hapa pamekuwa kama lodji ya watalii," akasema.

"Si ya watalii," Yasinta akajibu. "Ya mama."

Mzee Sostenes naye alikuja kukagua. Alipitisha kidole ukutani toka mlangoni hadi dirishani akitafuta tundu, hakuliona, akakaa kwenye benchi la kanisa apumzike kidogo tu. Aliondoka baada ya saa moja na nusu, na kesho yake akarudi na mkewe ili amwonyeshe.

Mama Emiliana alifika siku ya Alhamisi mchana, mkono mmoja una furushi la kanga, mwingine una kibuyu cha asali ya nyuki wadogo. Yasinta alimpokea stendi roho ikiwa juu. Kliniki walishamwambia: mama akirudi tena kijijini akaziacha dawa, safari ijayo usitarajie jicho. Kwa hiyo mama alipovuka kizingiti, Yasinta alimwacha aione nyumba mwenyewe.

Mama aliiona kwa mikono. Alianza na meza, akaipapasa toka pembe hadi pembe.

"Huu ni mlango."

"Ndiyo, mama. Nimeufanya meza."

"Wa mtu mwenye ng'ombe. Hapa ndipo alikuwa anasukuma kila alfajiri." Akamshika Yasinta vidole akaviweka juu ya ubao, na kweli palikuwa na kibonde kidogo, laini, ambacho Yasinta kwa miezi yote ile hakuwa amekigundua.

Akaendelea. Nyungo alizigonga kwa ukucha akasikiliza. Vibuyu alivihesabu kwa Kisandawe, vidoko vikilia mdomoni mwake, na kila kimoja akakitajia kazi yake: hiki cha maziwa, hiki cha mbegu, hiki cha pombe, na hiki walikikata vibaya. Kwenye kitanda cha ngozi alikaa, akanesa mara mbili, akacheka. Uso ulikuwa umekunjuka kama wa msichana. Yasinta alimfuata nyuma machozi yakimlengalenga, akijua kwamba ameshinda.

Kisha mama akageuka kurudi mlangoni, na mkono wake ukakuta kinu.

Ukasimama hapo. Mama aliinua kandili akampa Yasinta alishike, akafunua kitambaa, akapapasa tako la kinu, akashuka ubavuni mpaka chini mdomo ulipogusa sakafu.

"Hiki umekiweka wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Hivi hivi kilivyo?"

"Hivi hivi. Kwani hakijapendeza?"

"Kimependeza," mama akasema. Alirudisha kitambaa, akarudisha kandili, akaketi ukingoni mwa benchi na kuomba maji ya kunywa. Furushi lake aliliweka chini karibu na mlango, hakulifungua.

Ijumaa na Jumamosi pia halikufunguliwa, ila kwa kutoa kitu cha lazima tu. Yasinta alimfunulia kilindo, akamwonyesha alivyotandika ndani kitambaa kipya. "Nguo zako zikae humu, mama."

"Za siku ngapi, mwanangu? Ziache furushini."

Alikula vizuri. Alisali. Alicheka Mzee Sostenes alipopita uani na redio yake akijibizana nayo. Jioni alikaa chini ya taa, akarudisha kichwa nyuma, Yasinta akamtia tone. Lakini vitu vyake vilibaki vimefungwa. Alichokitumia alikirudisha mahali pake na kukaza fundo, na Yasinta, aliyekwisha kutorokwa mara mbili, alilijua fundo la namna hiyo. Jumamosi jioni uvumilivu ukamwishia.

"Mama, safari hii utakaa?"

Mama alifumba jicho dawa iingie. "Kukaa si neno langu, Yasinta. Ni neno lako wewe."

Jibu hilo lilimchoma. Miezi minane ya kubeba, kusugua, kufunga kamba akiwa amesimama juu ya stuli, halafu anaambiwa hivyo! Alidhani mama anamsuta kwa jambo fulani, na aliogopa kuuliza ni jambo gani asije akajibiwa. Akaenda jikoni akaosha sufuria iliyokuwa safi.

Jumapili baada ya misa, akiwa anasonga ugali, hodi ikapigwa. Mlangoni alisimama Mzee Sostenes amevaa koti, na koti lile hulivaa kwa mambo mazito tu. Nyuma yake alikuwa mwanamume mnene mwenye kofia mkononi, Ernest, dereva wa wizara moja.

"Karibuni. Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakukaa. "Yasinta, miaka mitatu hatujakwaruzana. Ukuta wangu umeutunza. Leo unahama, na mimi mwenye nyumba nasikia pembeni?"

"Nahama? Nani anahama?"

"Mama yako kaja kuniaga jana asubuhi. Kaniletea na asali. Kashukuru kwa kukutunza, kaomba radhi kama kuna chombo mlivunja. Mama ana adabu zake yule. Nikasema basi, nisikae na vyumba vitupu. Huyu Ernest ananisumbua tangu mwezi wa tatu."

Ernest hakuwa anasikiliza. Alikuwa amefika katikati ya sebule, kichwa amekiinua, kinywa kimeachama. "Samahani, dada," akasema kwa sauti ya chini, kama yuko kanisani. "Hivi vitu vinabaki na nyumba?"

"Havibaki!" Yasinta alimgeukia mama yake, mwiko bado mkononi. "Mama, nani amekwambia mimi nahama?"

Mama Emiliana alishangaa kwelikweli. "Wewe."

"Mimi? Lini?"

"Alhamisi. Nimeingia tu, umeniambia." Akaelekeza kidevu mlangoni. "Si ulisema umekipindua mwenyewe?"

Wote wanne wakakitazama kinu.

"Sisi tulikuwa watu wa kufuata mvua, kufuata na asali," mama akasema, akiwageukia wageni kama anayewaeleza wao. "Mwaka huu hapa, mwaka kesho kule. Siku ya kuondoka, vitu vyote vimefungwa, mama wa nyumba anatwanga mara ya mwisho. Halafu anakipindua kinu mlangoni. Mgeni akija, akaona kinu kimepinduliwa, hapigi hodi. Anajua wenyewe wamehama, anapita zake. Kwetu hakuna mtu anapindua kinu kwenye nyumba anayokaa. Hata mtoto akipindua kwa mchezo, anachapwa."

Yasinta alisimama kama aliyemwagiwa maji. Hakuwa anajua. Angejulia wapi? Alipelekwa bweni kwa masista akiwa na miaka saba, Kisandawe chake kikabaki cha salamu na cha kuomba maji, na ukoo wake ulikuwa umeacha kuhamahama kabla yeye hajazaliwa.

"Mara ya mwisho kuona, nilikuwa msichana mdogo," mama akaendelea, na sasa alikuwa akisema na binti yake peke yake. "Mwaka wa Operesheni, lori lilipokuja kutupeleka kijiji kipya. Mama yangu aliwaambia wale watu wangoje. Wakangoja, injini inaunguruma. Akakipindua, akapanda. Chenyewe hakikupata nafasi kwenye lori. Tangu siku ile mimi nimekaa nyumba nyingi, lakini nyumba kama ya mama yangu sijaingia. Juzi nimeingia hapa. Nikasema, Mungu wangu, hii ndiyo nyumba. Halafu mkono ukakuta kinu. Siku tatu najiuliza, nyumba nzuri namna hii mtu anaihamaje? Lakini sikukuuliza. Aliyepindua kinu haulizwi, anaumia."

Yasinta alicheka, akalia, akashindwa kuchagua moja. Siku tatu yeye alikuwa akiogopa kwamba mama atatoroka, na siku tatu hizo hizo mama alikuwa amekaa na furushi mlangoni asije akaachwa nyuma. Aliuweka mwiko wenye ugali juu ya meza ya mninga, kosa ambalo Tumsifu angelifanya wasingesemeshana mwezi mzima, akaenda kukishika kinu. Kilimshinda uzito. Ernest alitupa kofia kwenye benchi akashika upande wa pili.

"Taratibu! Sakafu yangu hiyo!" Mzee Sostenes akaamrisha, huku amesimama mbali na mzigo.

Kikasimama, mdomo juu. Mama akaja akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akaipapasa ndani yake iliyolainishwa na kutwangwa kwa miaka mingi. "Kizima," akasema. "Hakina ufa." Halafu sauti yake ikabadilika, ikawa ile aliyoitumia kijijini kuwapangia watu kazi. "Yasinta, ugali unaungua. Mgeni, keti ule. Na wewe mzee vua hilo koti, joto lote hili."

Ernest alikula sahani mbili za ugali na mlenda, akakosa vyumba. Alipoondoka aliomba aelekezwe kwa fundi Gerson.

Alasiri hiyo furushi lilifunguliwa. Ndani mlikuwa na kanga mbili, gauni la kanisani, rozari, na mfuko wa mtama uliochambuliwa punje kwa punje. Mama alizipanga nguo ndani ya kilindo kwa mikono yake, akafunika, akakipiga kofi kifuniko kama mtu aliyemaliza biashara.

Yasinta alikuwa na furaha isiyo na kifani mpaka Jumatatu jioni, aliporudi kazini akakuta ungo mmoja haupo. Ulikuwa uani. Mama alikuwa akipepetea mtama, na wake wa wapangaji watatu wamemzunguka wanafundishwa. Jumanne vilishuka vibuyu viwili, kimoja kikatiwa maziwa, kingine mbegu. Kamba zao zikabaki zinaning'inia tupu, na ukweli usemwe, Yasinta aliumia. Safu ile ya vibuyu kumi na kimoja alikuwa ameipanga kwa rula. Tumsifu alikuja na simu kupiga picha nyingine, Mama Emiliana akamkabidhi mchi. Aliondoka na malengelenge mawili na unga wa kupeleka kwake, hakupiga hata picha moja. Mzee Sostenes alilalamika kwamba mtwango unamtikisia ukuta, ila alilalamika mdomo umejaa uji wa mtama, hakueleweka vizuri.

Jumatano Yasinta alikaa kwenye benchi la kanisa akatazama. Vilivyobaki kuyumba mbele ya ukuta vilikuwa vichache. Nyumba ilinukia mtama mbichi uliotwangwa. Juu ya meza palikuwa na bakuli la karanga lililoachwa nusu, na katikati ya chumba mama alikuwa akisugua kibuyu kwa changarawe na maji, akikitikisa na kukisikiliza, kama Gerson alivyousikiliza ule mlango kwa vidole vyake. Nyumba ilikuwa nzuri kuliko alivyoipanga. Alijivunia, na alimwonea mama yake fahari kubwa zaidi, maana yeye Yasinta alikuwa ameviokota vitu na mama ndiye aliyevijua.

Mwezi ulipotimia walikwenda kliniki. Daktari akapima, akapima tena, akasema presha ya jicho imeshuka, na kile ambacho jicho lilikuwa nacho mwezi uliopita bado linacho chote. Yasinta alimwomba arudie, naye akarudia. Yasinta alitaka kumkumbatia, akajizuia kwa sababu ya foleni.

Ikabaki kadi mpya tu, maana ya zamani ilikuwa imechanika. Nesi, msichana mgeni asiyewajua, aliandika jina, akaandika umri, akauliza makazi. Yasinta alifungua kinywa kutaja Farkwa, kama ilivyoandikwa siku zote.

"Kikuyu," mama akawahi.

"Kikuyu kwa nani, bibi?" nesi akauliza bila kuinua kichwa. "Unakaa kwa huyu binti yako?"

Mama Emiliana aligeuka. Kwa jicho lake moja alimtazama Yasinta toka kichwani hadi miguuni, taratibu, bila kuacha kitu.

"Huyu?" akasema. "Huyu anakaa kwangu."